Kabla ya Kusema Mtoto Amechelewa Kuongea, Hesabu Lugha Zake Zote

Hapa Kisumu, mtoto akifika miaka miwili bila kupiga gumzo kama wa jirani, lawama ya kwanza huangukia wingi wa lugha nyumbani. Baba Mjaluo, mama Mluhya, dada wa kazi anazungumza Kiswahili, nasari ni Kiingereza. Basi watu wanaamua kwamba kichwa cha mtoto kimejaa. Ushauri nao ni wa bure. Shangazi wa Nairobi atakwambia umsemeshe Kiingereza tu, mama mkwe atataka Dholuo, yaani Kijaluo, kwanza, na mimi muuguzi mmoja wa kliniki aliniambia nichague lugha moja niachane na nyingine. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani, nikaendelea na lugha zetu zote.

Sikuwa na kiburi. Kabla sijapata watoto niliwahi kuajiriwa kama karani wa utafiti, tukizunguka vijijini kupima lugha ya watoto wadogo. Kazi yenyewe ni kuketi mkekani na mtoto, kumfungulia kurasa za picha na kumwambia akuonyeshe hiki au kile. Kilichonifungua macho ni kwamba tulitakiwa kuuliza kwa Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, kila lugha kwa zamu yake. Kijana mmoja upande wa Seme alinionyesha samaki, jembe na kuku kwa Kijaluo bila kusita. Nilipoingia Kiswahili akaniangalia tu. Kwenye rangi na tarakimu mambo yakageuka: hizo alizijua kwa Kiingereza cha nasari, Kijaluo chake hakikuwa nazo. Ningempima kwa lugha moja, yoyote ile, ningeandika kwamba mtoto huyu ana shida.

Wataalamu wameliona hili zamani. Mwaka 1993 Barbara Pearson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Miami wanaokua na Kiingereza na Kihispania. Ukiangalia maneno wanayosema katika lugha moja, wanaonekana wana msamiati mdogo. Ukijumlisha lugha zote mbili, pengo linaisha. Na hao ni watoto wa lugha mbili. Wetu wana tatu, wengine nne.

Kwa hiyo tafuta daftari. Kwa wiki moja hivi, andika kila neno analolisema mwenyewe bila kuigiza lako, na pembeni uandike ni la lugha gani. Matamshi yasikusumbue: sauti yoyote anayoitumia kwa kitu kilekile kila mara ni neno, hata kama nyinyi wa nyumbani pekee ndio mnaielewa. Akisema "pi" kwa baba yake na "maji" kwa dada wa kazi, andika yote mawili. Watafiti huhesabu kwa njia mbili, idadi ya maneno na idadi ya vitu ambavyo mtoto ana jina lake, na zote zina faida. Waulize na wengine wanaokaa naye. Dada wa kazi mara nyingi anajua maneno ambayo wewe hujawahi kuyasikia, kwa sababu yeye ndiye anayeshinda naye.

Usichukue orodha ya maneno kutoka intaneti ukaanza kuweka alama. Nyingi zilitungwa kwa watoto wa Marekani na zitakuuliza kuhusu vitu ambavyo mtoto wa Nyalenda hajaviona. Katie Alcock na wenzake walipotaka orodha ya namna hiyo kwa watoto wa Kilifi, hawakutafsiri tu ile ya Kiingereza. Waliirekebisha kwa Kiswahili na Kigiriama, kisha wakawahoji wazazi ana kwa ana, wakiwemo wasiojua kusoma. Mzazi asiyejua kusoma ni shahidi mzuri tu wa maneno ya mwanawe.

Makosa yasikutie hofu pia. Kamil Ud Deen alifuatilia watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili akakuta wanaangusha viambishi mwanzoni mwa kitenzi, kwa hiyo mtoto anayesema "taka" badala ya "nataka" yuko njiani na wenzake. Na kuchanganya lugha? Fred Genesee wa Montreal alieleza mwaka 1989 kwamba kuchanganya si dalili ya kuchanganyikiwa. Mimi ningeongeza kwamba mtoto wa Kisumu anayesema "Mama, chak imeisha" (chak ni maziwa kwa Kijaluo) anaiga tu watu wazima wa stendi ya mabasi.

Suala kubwa, kwa maoni yangu, ni nani anayemsemesha. Patricia Kuhl wa Seattle aliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa, wengine wakacheza na mtu anayezungumza Kichina cha Mandarin, wengine wakamwona mtu yuleyule kwenye televisheni. Waliokaa na mtu waliweza baadaye kutofautisha sauti za lugha ile. Wa televisheni hawakupata kitu. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2003. Mwaka 2010 Judy DeLoache akajaribu video zinazouzwa kwa ajili ya kufundisha watoto maneno, na watoto wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hawakujifunza zaidi ya wasiozitazama. Cha kuchekesha, wazazi waliozipenda video hizo ndio waliodhani watoto wao wamejifunza mengi. Katuni ziwashe ukitaka kupika kwa amani, lakini usizihesabu kama somo la Kiingereza.

Simu ya video ni jambo jingine, maana aliye upande wa pili anamjibu mtoto. Utafiti wa Sarah Roseberry na wenzake wa mwaka 2014 uliwaonyesha watoto wa miaka miwili na zaidi kidogo wakijifunza maneno kwa simu ya video kama walivyojifunza kwa mtu aliye mbele yao. Guku yetu, yaani bibi, yuko Mbale, Vihiga, na Kimaragoli, Kiluhya cha kwetu, kwa watoto wangu kinategemea simu yake kuliko kinavyonitegemea mimi. Nilimwomba kitu kimoja tu: akiuliza, anyamaze asubiri. Bibi zetu wana maswali ya haraka, na mtandao wa Mbale unachelewesha jibu.

Kuna ile kanuni ya mzazi mmoja lugha moja. Ni ya kale: Jules Ronjat wa Ufaransa aliifuata na mwanawe Louis, akaandika habari zake mwaka 1913. Ikikufaa, ifuate. Kwetu baba anatoka alfajiri na kurudi mtoto akiwa kitandani, sasa Dholuo ingepata saa ngapi? Annick De Houwer alipoangalia familia karibu 1,900 za Ubelgiji, alikuta kanuni hiyo si lazima wala haitoshi, na takriban robo ya watoto hawakuwa wakiizungumza ile lugha isiyo na nguvu mtaani. Ndiyo maana nguvu yangu naiweka kwenye lugha isiyo na mtetezi. Kiingereza kina shule, Kiswahili kina soko la Kibuye, Dholuo ina mtaa mzima. Kimaragoli kina mimi na guku.

Vitabu vya picha navyo vinasaidia. Heather Knauer na wenzake waliwapa walezi wa vijijini magharibi mwa Kenya vitabu vya hadithi na mafunzo ya kuzungumza na mtoto juu ya picha. Watoto walijua zaidi maneno ya vitabu hivyo, na walezi wasiojua kusoma walifaidika sawa na wanaojua. Si lazima usome kilichoandikwa. Onyesha, uliza, ngoja, ongeza neno, kwa lugha yoyote uliyo nayo.

Sasa yale ya kukupeleka hospitali bila kuchelewa: mtoto asiyegeuka akisikia sauti, asiyeonyesha kitu kwa kidole wala kubwabwaja akifika mwaka mmoja, asiye na neno hata moja katika lugha yoyote akifika mwaka na nusu, asiyeunganisha maneno mawili akifika miaka miwili, au aliyekuwa na maneno yakapotea. Mtoto aliyewahi kuugua homa ya uti wa mgongo asingoje hata dalili hizo. Omba apimwe masikio kwanza. Na ukiambiwa uache lugha moja, kumbuka Johanne Paradis na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba hata watoto wenye ulemavu wa lugha, wakikua na Kifaransa na Kiingereza, hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao wa lugha moja wenye ulemavu uleule. Beba daftari lako. Ukiulizwa mtoto ana maneno mangapi, toa jumla ya lugha zote, na wakitaka kumpima kwa Kiswahili peke yake, omba aitwe mtu wa Kijaluo. Kisumu hawakosekani.