Maabara wamenikatalia kugusa vielelezo, nitajifunzaje?

SWALI: Habari za kazi dada. Niko mwaka wa 3 digrii ya baiolojia na napenda sana ile kazi ya kupima DNA ya pembe na nyamapori mpaka jangili anafungwa. Nimetuma imeili kama 20 kuomba intanshipu, kajibu mmoja tu, kasema wanafunzi hawagusi vielelezo. Sasa ndo basi?

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na wala sio basi, huyo aliyekujibu kakusaidia kuliko unavyodhani. Kielelezo, yaani kitu cha ushahidi wa kesi, kikishikwa na mtu ambaye jina lake halimo kwenye fomu ya makabidhiano, wakili wa mshtakiwa anauliza tu huyu ni nani na alikifanya nini, kesi inaweza kufia hapo. Hajakudharau, analinda kesi.

Ila maabara hizi zina kazi nyingine kubwa watu hawaioni, sampuli za kulinganishia. DNA ya kipande cha nyama haikwambii kitu kama huna ya mnyama anayejulikana ya kuiweka pembeni yake. Pale Onderstepoort, Chuo Kikuu cha Pretoria, wana hifadhidata ya DNA ya faru inaitwa RhODIS, pembe ikikamatwa wanaweza kuioanisha na mzoga ilikotoka. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walichora ramani ya DNA ya tembo wa Afrika, yaani tembo wa eneo lipi wana DNA ya namna gani, sehemu kubwa kwa kinyesi, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba shehena kubwa za pembe zilikuwa zinatoka maeneo machache tu. Kinyesi, mdogo wangu! Kuna mtu alikiokota, akaandika tarehe na mahali, akakihifadhi kisioze. Kazi kama hiyo mwanafunzi anaiweza.

Basi omba hiyo. Usiandike "naomba nafasi yoyote", soma makala moja ya huyo mtafiti mpaka uielewe halafu pendekeza kaswali kadogo ka miezi 3. Mfano, hata bila DNA, ukitazama pembe ya tembo iliyokatwa kwa upana utaona mistari inakatana kama wavu, na karibu na ukingo wa nje kona zake kwa tembo wa leo ni pana, wastani unazidi nyuzi 100, ila za mamothi, ndugu wa tembo aliyetoweka, zinabana, wastani chini ya 100. Ukipata vipande vya makumbusho, skana na protrakta, unapima kona hizo wewe mwenyewe, na msimamizi anakagua kama vipimo vyako vinarudiwa vilevile.

Zile programu za kulipia hela ili ubebe watoto wa simba upige picha mimi siziafiki kabisa, hakuna sampuli, hakuna msimamizi, na simba mwenyewe anateseka.

Na huyo mmoja mrudie wiki hii hii. Mshukuru, halafu muulize kwenye sampuli zake za kulinganishia anakosa wanyama gani.