Usimhesabu Aliyesema "Nipo"

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tabata aliniandikia akiniomba nimweleze namna ya kuandaa safari ya wafanyakazi wenzake kwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa siku mbili, kwa kuwa amesikia kwamba mimi ni mzoefu wa mambo hayo. Ningeweza kumjibu kwa mistari mitatu, lakini ombi lake limenikuta nikiwa bado na machungu ya safari tuliyoifanya mwishoni mwa Machi, ambayo hadi leo baadhi ya wenzangu wanaisimulia kana kwamba mimi ndiye niliyeiharibu. Nimeona nimjibu hapa, ili na wengine mnaopenda kuitalii nchi yenu kwa mishahara hii hii tunayolipwa mpate faida.

Mpango wetu ulikuwa hivi: Jumamosi tuondoke Mwenge, Dar es Salaam, saa kumi na moja alfajiri kwa Coaster ya kukodi, tufike Mikumi, ambako ni mwendo wa takribani kilomita 300, kabla ya adhuhuri, tuzunguke hifadhini hadi jioni, tulale katika mji wa Mikumi, na Jumapili tuelekee Mang'ula tukapande hadi maporomoko ya Sanje katika Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, yenye maji yanayoanguka kutoka kimo cha takribani mita 170. Mpango huo niliuandika mimi, na mtu yeyote anayeijua Barabara ya Morogoro atakubali kwamba unawezekana, mradi gari liondoke kwa wakati.

Matatizo yalianza kwenye orodha. Siku ya kwanza nilipotangaza safari katika kundi letu la WhatsApp, watu walimiminika kuandika "nipo", "msinisahau", "mimi na shemeji yenu, wawili", na kamati ikakodi gari kwa kufuata idadi hiyo. Ilipofika Alhamisi, wengi wa waliosema "nipo" walikuwa na msiba, au mgeni, au hawapokei simu. Gharama ya gari haipungui kwa sababu viti viko wazi, kwa hiyo waliolipa mapema wakalazimika kuongeza fedha kuwafidia ambao hawakulipa kabisa. Ushauri wangu wa kwanza kwako, ndugu yangu wa Tabata, ni huu: orodha ya safari ni orodha ya miamala iliyoingia. Asiyelipa hayumo, hata akiwa bosi wako, hata akiwa yeye ndiye aliyepiga kelele nyingi kuliko wote kwamba safari ifanyike.

La pili linahusu gari, na hapa niseme wazi kwamba nilitoa tahadhari mapema nikapuuzwa. Mwenye gari alituahidi punguzo iwapo tungemlipa fedha zote siku tatu kabla ya safari. Nilipinga nikasema tumpe nusu, na salio apewe gari likiwa limefika mbele yetu, lakini wajumbe wenzangu wa kamati waliupenda sana ule unafuu, wakapiga kura, nikashindwa. Jumamosi tulisimama Mwenge tangu kabla ya adhana ya alfajiri hadi jua likachomoza, na gari lilipokuja, halikuwa Coaster tuliyooneshwa bali ni daladala ya mjini, ubavuni ina mstari wa rangi ya njia yake, na dereva wake akatueleza kwamba ile nyingine imepata hitilafu ya gia usiku. Mtu aliyekwisha kulipwa fedha zote hana sababu ya kukuogopa.

Tulipofika Kibaha, askari wa usalama barabarani alitusimamisha na kuuliza swali ambalo kila mwandaaji wa safari anapaswa kuliuliza kabla yake: kibali kiko wapi? Daladala ina leseni ya njia yake, na ikitaka kutoka nje ya njia hiyo, iwe kwa harusi, msiba au matembezi, inatakiwa kuwa na kibali maalumu cha LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Dereva hakuwa nacho, na mwenye gari hakupatikana kwa simu kwa muda mrefu. Askari yule alikuwa mwungwana, sina la kumlaumu, lakini sheria ni sheria, nasi tulikaa kando ya barabara tukila vitafunwa vilivyokusudiwa kuliwa hifadhini huku malori yakitupita kuelekea mizani ya Vigwaza. Kibali kilipopatikana hatimaye, saa sita mchana ilikuwa imeshapita.

Sitawachosha kwa habari za Chalinze na Morogoro. Tuliingia eneo la hifadhi jua likiwa limeshapoa, na kama mjuavyo, barabara kuu ya kwenda Mbeya inakatiza katikati ya Mikumi, kwa hiyo pundamilia, swala na twiga tuliwaona tukiwa tumekaa kwenye viti vyetu bila ya kulipa senti. Hapo mwenzetu mmoja akasema kwa sauti, "Wanyama si hawa tumeshawaona, kwa nini tulipe kiingilio?" Gari zima likacheka, nami nikajua kwamba kazi yangu imekuwa ngumu zaidi.

Uamuzi nilioufanya langoni ndio unaonisababishia lawama hadi leo, nami nausimamia. Kiingilio cha hifadhi huhesabiwa kwa saa 24, na kuingia saa kumi na moja jioni, wakati shughuli za siku zinakaribia kufungwa, ni kulipia saa moja ya mwanga. Niliamua tusiingie, tukalale mjini, turudi langoni Jumapili alfajiri, na Udzungwa tuiache kwa safari nyingine. Waliokuja kwa ajili ya maporomoko walinuna, na mmoja hakunisalimu asubuhi. Hata hivyo, asubuhi hiyo hiyo tulikuta kundi la tembo karibu kabisa na barabara ya ndani, na viboko bwawani wakipiga kelele zao, na wote walionuna walikuwa wa kwanza kutoa simu kupiga picha.

Langoni penyewe mjiandae. Fedha taslimu hazipokelewi. Mnapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au kwa kadi, kwa hiyo mshika fedha awe na salio la kutosha katika laini yake. Kila mtu awe na kitambulisho, kwa kuwa viwango vya Watanzania na vya wageni vinatofautiana mno. Mwenzetu mmoja alimleta rafiki yake Mjerumani bila ya kumwambia yeyote, na ilipobainika kwamba huyo analipa kwa viwango vya dola, kimya kilichotanda langoni kilikuwa kizito. Mkumbuke pia majira: wakati wa masika udongo mweusi wa Mikumi hunasa magari, na daladala ya tumbo la chini haiwezi kufika kila mahali, ndiyo maana askari wa hifadhi walitushauri tusiende mbali na barabara zilizo imara.

Kama ningekuwa na kamati inayosikia, ningewapandisha watu wote treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, hadi Morogoro, ambayo ilipoanza Juni 2024 nauli yake kwa daraja la kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 13,000, kisha nikakodi gari Morogoro kwa mwendo uliobaki. Foleni ya Kimara hadi Chalinze mnaikwepa yote, na mchelewaji anaachwa na treni, si na mimi, kwa hiyo hana wa kumchukia.

Tulirejea Dar usiku wa manane, na kabla sijavua viatu nilikuta ujumbe kundini ukidai kwamba hesabu hazieleweki, kwa maana nyingine kwamba nimekula hela za watu. Niliweka risiti zote, za gari, za nyumba ya wageni na za hifadhi, pamoja na majina ya waliolipa na ya wasiolipa. Hakuna aliyejibu, ila mmoja aliyeuliza lini tunakwenda tena. Watu wazima wenye kazi zao tunapaswa kujifunza kulipa kwa wakati, kufika kwa wakati, na kumheshimu anayejitolea kuhangaika kwa ajili yetu, kwa sababu huyo naye Jumamosi yake ana mahali pa kuipeleka.

Mwezi ujao ninaandaa safari ya siku moja ya Bagamoyo na magofu ya Kaole. Gari nimeshalikagua pamoja na leseni yake, na nusu ya fedha ninayo mimi hadi lifike. Malipo yanafungwa Jumatano saa kumi jioni, na viti vitagawiwa kwa kufuata miamala.