Kununua fedha iliyotumika kwa mtu asiyejua thamani yake

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Natafuta vitu vya fedha vilivyokwisha tumika: bangili, pete, vijiko, hata sinia. Nikiona mhuri wa 925 najua ni fedha ya stalingi, basi nakipima na kupiga hesabu ya thamani yake. Mara nyingi muuzaji hajui alichonacho, hunitajia bei ya bati. Je, faida hiyo ni halali? Na nizingatie nini katika malipo, vyombo vya kulia na zaka?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza kabla mali haijazoeleka mkononi.

Mtu akikutajia bei kwa ridhaa yake, ukalipa bila kumdanganya, mauzo yamesihi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, kupunjika kwa bei peke yake hakuvunji mkataba, kwa kuwa muuzaji ndiye aliyeacha kuulizia mali yake. Ujuzi wako wa kusoma mhuri umeutafuta kwa jasho, nao una haki ya kukuletea faida.

Lakini ukimwambia "hiki ni bati tu" ilhali umeuona mhuri, au akikuuliza "hii ni fedha?" ukajifanya hujui, hapo umemghushi, na faida hiyo si halali yako. Mtume, rehma na amani zimshukie, amesema kuwa wauzianao wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka yake hufutwa. Hadithi hiyo, aliyoipokea Sahaba Hakim bin Hizam, inawataja wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Watu wengi huisoma kana kwamba inamhusu mwenye duka peke yake.

Kisha mtazame anayekuuzia. Mfanyabiashara anayenunua na kuuza kila siku si sawa na mjane anayetoa vitu vya marehemu mumewe, hajui kupatana, amekuamini kabisa. Wanazuoni wa Kihanbali, na baadhi ya Wamaliki, humpa mtu wa aina hiyo haki ya kuvunja mauzo akijua kuwa amepunjwa sana. Nami, ingawa nafuata madhehebu isiyompa haki hiyo, sioni kuwa inakupendezea kunyamaza mbele yake. Sahaba Jarir bin Abdillah alimpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Siku moja alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, akamwambia muuzaji kuwa farasi wake ana thamani zaidi, naye Jarir akawa anapandisha bei mpaka akalipa 800. Sikulazimishi ufike daraja ya Jarir. Mwambie tu yule mama: "Hii ni fedha, tuipime." Bado utapata faida yako.

Na mkishakubaliana kupima, pimeni sawasawa. Stalingi ni fedha sehemu 925 katika 1000, na iliyobaki aghalabu ni shaba. Bangili ya gramu 80 ina gramu 74 za fedha safi, na hizo ndizo za kuzidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Bei ya soko hutajwa kwa aunsi ya masonara, ambayo ni gramu 31.1, wakati mizani za jikoni hutumia aunsi ya gramu 28.35. Anayejua tofauti hiyo akanunua kwa aunsi kubwa na kuuza kwa ndogo, huyo ndiye aliyeonywa katika Suratul Mutaffifin, sura ya Qur'ani inayowakemea wapunjao vipimo. Pima kwa gramu usalimike. Ondoa pia kisichokuwa fedha: visu vya mezani huwa na bamba la chuma, vinara vya mishumaa hujazwa lami au plasta ndani ya mguu, na chombo chenye herufi EPNS kimechovywa fedha juu tu.

Katika malipo, wanazuoni wengi wa zama hizi wamezipa noti hukumu ya dhahabu na fedha. Kwa hiyo lipa pesa na uchukue fedha papo hapo, bila mkopo wala malipo ya awamu, usije ukaingia katika riba. Ukitaka kubadilisha bangili kuukuu kwa pete mpya ya fedha, usizibadilishe moja kwa moja pamoja na nyongeza. Uza yako kwa pesa, kisha nunua nyingine, kama Mtume alivyomwelekeza aliyekuwa akibadilisha pishi mbili za tende duni kwa pishi moja ya tende nzuri za Khaybar.

Vijiko na sinia: kula na kunywa kwa vyombo vya fedha ni haramu kwa wanaume na wanawake, na kauli yenye nguvu kwetu ni kuwa hata kuviweka nyumbani bila kuvitumia haifai. Vinunue kwa thamani ya fedha iliyomo, kwa nia ya kuviyeyusha, umpelekee sonara atakayevigeuza kuwa kitu kingine. Usimuuzie mtu unayejua kuwa atavitumia kulia chakula. Pete ya fedha kwa mwanamume haina tatizo.

Ama zaka, nisabu ya fedha, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ni dirhamu 200, ambazo wengi leo huzikadiria kuwa gramu 595 za fedha safi. Kwa stalingi ni kama gramu 643, kwani shaba haihesabiwi. Ulichokinunua ili ukiuze ni mali ya biashara: mwaka ukitimia kithamini kwa bei ya soko ya siku hiyo, si kwa bei uliyonunulia, na utoe asilimia 2.5.

Wallahu a'alam.