Maswali ya Wasomaji: Jiki, vyoo na pumu za watoto

SWALI: Wasafishaji wa shule yetu huchanganya jiki na dawa ya kusugulia vyoo ili masinki yatakate, kisha hukohoa hadi kutoka nje. Madarasani nako hudeki kwa jiki kila asubuhi, na watoto wenye pumu wanabanwa kifua. Tutumie nini? (Mwalimu wa afya, shule ya msingi, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, mchanganyiko huo ukome leo hii. Dawa nyingi za kusugulia vyoo zina asidi, na asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini inayounguza macho, koo na mapafu. Siki nayo ni asidi. Hata mkojo uliotuama ukimwagiwa jiki hutoa mvuke mkali, kwa hiyo mwageni maji mengi kwanza.

Sakafu na madawati havihitaji jiki ya kila siku. Vijiko viwili vya sabuni ya maji kwenye ndoo ya lita 10 vinatosha. Ikizidi, huacha utando unaoteleza na kunasa vumbi. Vumbi la chaki lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, maana ufagio mkavu hulirusha hewani, na mwenye pumu ndiye anayeumia.

Jiki ibaki kwa vyoo, vitasa, damu na matapishi. Someni chupa: ikiwa ni ya asilimia 3.5, wekeni mililita 15 kwa kila lita ya maji baridi kwa ajili ya vyoo na vitasa, iachwe dakika 10, kisha suuzeni. Kwa damu na matapishi ni kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo sita vya maji, baada ya kuondoa uchafu wenyewe. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamwaga jiki juu ya uchafu, klorini inaishia kwenye uchafu huo na vijidudu vinabaki. Sabuni kwanza, suuza, ndipo jiki. Maji ya moto huidhoofisha, na iliyochanganywa jana imeshapungua nguvu. Changanyeni ya siku hiyo tu.

Ukoko wa manjano sinkini usugueni kwa asidi ya sitriki (asidi ile iliyomo kwenye limau) siku ambayo jiki haitumiki. Kazi ya dawa ifanywe jioni, watoto wakishaondoka, madirisha yakiwa wazi, na msafishaji avae glavu na miwani ya kukinga macho. Mwanafunzi asipewe jiki hata kama zamu ya usafi ni yake.

SWALI: Ofisini kwetu tunanunua dawa ya sakafu ya kupimiwa, haina lebo. Ina ubaya? (Karani, Tanga)

JIBU: Ina ubaya. Bila lebo hamjui kama ni asidi au klorini, wala nguvu yake, kwa hiyo hamwezi kuipima wala kujua isichanganywe na nini. Nunueni yenye lebo inayotaja viambato. Msiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtu akiinywa, msimtapishe. Mwahisheni hospitali pamoja na chupa yenyewe. Ikimwingia machoni, mwosheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuondoka naye.