"this" yapotea nikibonyeza kitufe

Sheikh, class yako ya Ngalawa (kiolezo cha kuundia vitu katika JavaScript, lugha ya programu) haina kasoro. Hilo uliloliuliza, la this.abiria.push (kuongeza abiria kwenye orodha) kuleta kosa kila ukibonyeza kitufe, nami lilinila jioni nzima hapa Wete.

Katika JavaScript, this, yaani kitu ambacho mbinu (function ya class) inakifanyia kazi, haiangalii mbinu imeandikwa wapi, yaangalia imeitwaje. Ukiandika ngalawa.pakia(), this ni ngalawa. Ukimkabidhi addEventListener (anayesikiliza kitufe kikibonyezwa) ngalawa.pakia tupu, bila mabano, umeshaikata kamba: this sasa ni kitufe, na kitufe hakina abiria!

Mkabidhi () => ngalawa.pakia() badala yake uone. Bind, inayoifunga this kwenye kitu kimoja, nayo yafaa, ila mimi siipendi, yachosha macho.

Kuhusu prototaipu, yaani vitu ambavyo vitu vingine hurithi mbinu kwavyo, usizikimbie. Neno class limeingia 2015 tu, chini yake ni prototaipu zilezile za zamani.