Namna ya Kuisimulia Safari ya Alice ili Watoto Wacheke

Anayetaka kuwasimulia watoto kwa ucheshi kisa cha Alice, yule binti wa Kiingereza aliyemfuata Sungura Mweupe hadi akatumbukia shimoni, na ashike jambo moja kabla ya yote: Alice mwenyewe hachekeshi. Ni mtoto mwenye adabu anayejitahidi kuelewa kila anachoambiwa, na kicheko huletwa na viumbe wanaomzunguka, ambao nao wanaamini kwa dhati kwamba wanasema mambo ya maana. Nimewasimulia wapwa zangu kisa hiki kwa miaka, na nimejionea kwamba msimulizi anayetulia huwavunja mbavu watoto kuliko yule anayebana pua na kukodoa macho.

Hadithi yenyewe ilianza kwa mdomo. Tarehe 4 Julai 1862, Charles Dodgson, mhadhiri wa hisabati wa Oxford ambaye dunia inamjua kama Lewis Carroll, alikuwa katika mashua pamoja na rafiki yake Robinson Duckworth na dada watatu wa ukoo wa Liddell, wakielekea kijiji cha Godstow, naye akawa anaitunga papo kwa papo. Kitabu kilitoka mwaka 1865. Kwa hiyo usiogope kuruka sura nzima ukiona wasikilizaji wanapiga miayo, lakini usiruke hatua ya hoja, kwa maana mtunzi alikuwa mtu wa hesabu na wendawazimu wa ile nchi ya ajabu anamoingia Alice una utaratibu wake.

Chukua karamu ya chai. Meza ni kubwa, wageni watatu wamebanana pembeni, na Alice anapokaribia wanapiga kelele kwamba hakuna nafasi. Mmoja wao, Mtengeneza Kofia, anatoa saa yake, anaiona imekosea kwa siku mbili, na anamlaumu mwenzake wa mezani, Sungura wa Machi (si yule Mweupe), kwa kuipaka siagi. Sungura anajitetea kwa unyonge kwamba ilikuwa siagi bora kabisa, kisha anaitumbukiza saa ndani ya kikombe cha chai na kuitazama kwa huzuni. Hapo nyamaza. Mpwa wangu mmoja aliniuliza, "Mjomba, kwani siagi mbaya ndiyo ingeharibu saa?" na wenzake wakaangua kicheko kabla sijamjibu. Kama ningewaeleza mapema kwamba saa haipakwi siagi, swali hilo lisingezaliwa.

Sehemu inayohitaji kazi zaidi ni mashairi. Watoto wa Uingereza wa wakati ule walikaririshwa shairi la Robert Southey kuhusu mzee mchamungu anayempa kijana mawaidha, na Carroll akamgeuza mzee huyo kuwa mtu anayesimama kwa kichwa. Waliokuwa na lile la kwanza moyoni ndio waliocheka sana. Asiyelijua anasikia maneno tu, ndiyo maana mimi huchukua shairi ambalo Watanzania wengi wamelisoma shuleni, la baba aliyerudi mgonjwa kutoka safari ya mbali, ambaye watoto wake wanamwomba kauli ya kuwafaa maishani. Nalishika kwa mizani na vina vyake, kwa heshima yote, ila baba anatoa wosia wake akiwa amesimama kwa kichwa katikati ya shamba. Beti mbili zinatosha.

Kwa Malkia wa Kopa, yule malkia wa karata anayeamuru kila mtu akatwe kichwa, sikai sana. Mchezo wa kugonga kalunguyeye kwa vichwa vya heroe unajisimulia wenyewe, lakini kwa watoto wadogo nadokeza mapema kwamba Mfalme huwasamehe kimyakimya wote wanaohukumiwa kukatwa vichwa, wasije wakalala na hofu. Sauti yangu naihifadhi hadi kesi ya mahakamani mwishoni mwa kisa, Alice, aliyekuwa amepungua kimo, anaporudia kimo chake na kuwaambia wote kwamba wao ni karata tu. Hilo nalitamka kwa nguvu, na karata zote zinaruka hewani.