Re: Mawazo ya kuchora yamenikauka

Pole dada. Umeuliza uanzie wapi wakati mawazo yamekauka na rangi ni ghali. Mchoraji wa Tanzania Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya silingibodi na rangi za baiskeli, basi vifaa visikutishe.

Mimi huanzia chini ya mti wa mkungu wa hapa nyumbani. Jana niliokota jani lililodondoka: katikati jekundu kama damu ya mzee, kingo bado kijani, mishipa ya njano. Nikaliweka juu ya kanga ya mama, na lilifanana na pindo lake ajabu! Nililikodolea macho mpaka chai ikapoa.

Kesho okota lako, ulichore kwa kalamu ya wino tu, kisha utuwekee hapa. Natamani sana kuliona.